Umeme wa sikioni na wa mkononi: je, unaweza kumrudishia mgonjwa fahamu?

Kijana ameanguka na pikipiki. Amelazwa hospitali wiki nne, kichwa kimefanyiwa upasuaji, sasa anapumua mwenyewe na amefungua macho. Ndugu wanapigiana simu: ameamka! Lakini wakimwita haitiki. Wakimpa kidole ashike, hakishiki. Macho yako wazi yakitazama dari, usiku yanafumba kama ya mtu aliyelala, asubuhi yanafunguka tena. Siku zinapita, hospitali inasema mrudisheni nyumbani mkamtunze, na huko nyumbani ndiko swali zito linapoanza. Je, anatusikia?

Siku hizi swali hilo lina mkia. Watu wameona kwenye simu video ya mgonjwa aliyebandikwa waya sikioni au kwenye kifundo cha mkono, na maneno chini yake yakidai kwamba umeme ule umemwamsha. Wanatuuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, mashine hiyo inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi.

Tujibu kwa kifupi kwanza, halafu tueleze. Tiba ya namna hiyo ipo na inafanyiwa utafiti na madaktari wa kweli. Imewasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa wale wa wiki za mwanzo na wale ambao tayari walikuwa na fahamu kidogo. Haijafika mahali pa kuuzwa dukani, na kuna jambo jingine la kufanya kabla yake ambalo halihitaji mashine yoyote.

Kufungua macho si kurudiwa na fahamu

Tumezoea kudhani kwamba mtu aliye macho ana fahamu. Kwa mtu mzima wa afya ndivyo ilivyo, lakini ndani ya ubongo haya ni mambo mawili. Kuna sehemu inayomfanya mtu awe macho au alale, iliyoko chini kabisa kwenye shina la ubongo, karibu na shingo. Na kuna sehemu kubwa za juu zinazomfanya ajue kwamba yupo, kwamba huyu ni mama yake, kwamba ameitwa. Ajali, kiharusi, malaria kali ya kichwani au kukosa hewa vinaweza kuumiza sehemu moja na kuiacha nyingine.

Mgonjwa ambaye macho yamefumba kabisa, ukimtikisa haamki, huyo yuko katika koma. Koma kwa kawaida haidumu sana, mara nyingi ni siku hadi wiki chache. Baada ya hapo mgonjwa ama anafariki, ama anazinduka, ama anaingia katika hali ya kijana tuliyemtaja: macho wazi, mwitikio hakuna. Mwaka 1972 madaktari wawili, Bryan Jennett wa Glasgow na Fred Plum wa New York, waliipa hali hiyo jina lililomlinganisha mgonjwa na mmea. Jina hilo lilienea duniani kote na likawaumiza ndugu wengi, kwa sababu nani anapenda mwanawe aitwe mmea? Mwaka 2010 kundi la wataalamu wa Ulaya likapendekeza jina jingine: kuwa macho bila kuitikia. Sisi tunalipenda zaidi hili, maana linasema kile tu kinachoonekana.

Katikati kuna kundi la tatu, na ndilo linalosahaulika. Mgonjwa huyu mara nyingi yuko kimya kama wenzake, lakini mara mojamoja anamfuata mtu kwa macho, anabana mkono akiombwa, anatokwa na machozi akisikia sauti fulani. Leo anafanya, kesho hafanyi. Tangu mwaka 2002 madaktari wanaihesabu hii kuwa hali ya pekee: fahamu ipo, ila ni kidogo na inakuja na kupotea kama mtandao wa simu bondeni.

Kwa nini tunakaa sana hapa kabla ya kuufikia umeme? Kwa sababu wagonjwa wa kundi la tatu mara nyingi huhesabiwa kuwa wa kundi la pili. Mwaka 2009 watafiti wa Ubelgiji waliwapima upya wagonjwa 44 ambao jopo la waliokuwa wakiwahudumia lilikubaliana kwamba hawana fahamu kabisa. Walitumia kipimo maalum cha kutazama na kuuliza, chenye alama 23, wala si mashine. Wagonjwa 18 kati ya wale 44 walionekana kuwa na dalili za fahamu. Ni zaidi ya theluthi moja, na hii ilikuwa nchi tajiri yenye hospitali kubwa.

Kuna habari nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walimweka mwanamke wa miaka 23 ndani ya mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Alikuwa hajibu kitu tangu alipopata ajali ya gari. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anatembea chumba hadi chumba nyumbani kwake. Ubongo wake uliwaka mahali palepale panapowaka kwa mtu mzima aliyeombwa jambo hilohilo. Alikuwa anasikia na anaelewa, mwili tu ndio uliogoma. Mwaka 2024 utafiti wa hospitali za nchi kadhaa ulichapisha matokeo ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kwa nje kwamba wanafuata maagizo. Kwa 60 kati yao, yaani mmoja kwa kila wanne, vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba wanayafuata kwa ndani.

Kwa hiyo mzee anayemkemea mtu asimsimange mgonjwa mbele yake, akisema huenda anasikia, ana hoja.

Kwa nini neva?

Kiswahili kina bahati hapa. Neva tunaziita mishipa ya fahamu, na tiba hii inajaribu kufanya hasa kile ambacho jina hilo linasema: kupitia kwenye mshipa wa fahamu ili kuifikia fahamu yenyewe.

Wazo ni la zamani. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun waligundua kwamba ukipitisha umeme kidogo katikati ya shina la ubongo la paka, mawimbi ya ubongo wake yanabadilika na kuwa kama ya paka aliye macho. Tangu hapo tunajua kwamba shina la ubongo lina kitu kama swichi kuu ya nyumba. Kutoka kwenye swichi hiyo, waya zinapanda hadi kwenye kituo cha katikati kiitwacho thalamasi, na thalamasi inagawa moto kwenye vyumba vyote vya juu. Mtu aliyeumia kichwa mara nyingi vyumba vyake havijaungua vyote, ila moto haufiki.

Madaktari wengine wamejaribu kuingiza waya moja kwa moja ndani ya ubongo. Ni upasuaji mkubwa na wa gharama. Ndipo wengine wakauliza: je, hatuwezi kuingilia mlango wa nje? Neva nyingi zinatoka kwenye ngozi zikipanda hadi kwenye ile swichi. Ukizigusa kwa umeme mdogo juu ya ngozi, bila kisu wala sindano, ujumbe utapanda wenyewe. Milango miwili ndiyo iliyojaribiwa zaidi.

Mlango wa mkono

Geuza kiganja chako cha kulia kitazame juu. Katikati ya kifundo cha mkono inapita neva inayokupa hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ni neva ndogo lakini ina eneo kubwa sana ubongoni, kwa kuwa vidole hivi ndivyo vinavyoshika jembe, sindano na kalamu. Mkono wa kulia huchaguliwa kwa sababu ujumbe wake huingia upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yanakokaa maneno.

Jaribio kubwa la mlango huu lilifanyika China na kuchapishwa mwaka 2023. Wagonjwa walikuwa 329, wote wameumia kichwa na bado wako katika koma wiki ya pili hivi tangu ajali. Kwa kura, baadhi walipewa matibabu ya kawaida, na wengine matibabu yaleyale pamoja na umeme mkononi. Umeme ulipita kwa sekunde 20, ukapumzika sekunde 40, muda wa saa 8 kila siku kwa wiki 2. Baada ya miezi 6, waliorudiwa na fahamu katika kundi la umeme walikuwa asilimia 72.5, na katika kundi lisilo na umeme asilimia 56.8.

Tuzitazame namba hizi taratibu. Katika kila wagonjwa 100, umeme uliongeza watu kama 15 au 16 wa kurudiwa na fahamu. Si haba. Kwa familia iliyomo katika hao 15, ni kila kitu. Lakini angalia pia upande wa pili: zaidi ya nusu ya wale ambao hawakuguswa na umeme wowote walizinduka. Kwa hiyo video ya mgonjwa mmoja aliyefungwa waya na kisha akaamka haithibitishi neno. Huenda angeamka hata bila waya. Ndiyo sababu watafiti wanahitaji makundi mawili na kura, na ndiyo sababu sisi hatusambazi video hizo.

Jambo la pili ni muda. Wagonjwa wale walianza tiba siku chache baada ya ajali, wakiwa hospitali, wakihudumiwa usiku na mchana. Matokeo yao hayatuambii lolote kuhusu mtu aliyekaa kitandani miaka mitatu.

Mlango wa sikio

Kuna neva iitwayo vagasi. Jina lake kwa Kilatini lina maana ya mzururaji, na kweli inazurura: inatoka shina la ubongo, inashuka shingoni, inapita moyoni, kwenye mapafu, hadi tumboni. Tawi lake moja dogo linachepuka kwenda sikioni. Kama umewahi kujikuna tundu la sikio kwa unyoya wa kuku ukajikuta unakohoa, uliigusa vagasi. Si kila mtu hukohoa, lakini wanaokohoa huwa wanashangaa sikio na kifua vinahusiana nini.

Mwaka 2017 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walichapisha habari za mwanamume wa miaka 35 aliyekuwa miaka 15 katika hali ya macho wazi bila kuitikia, tangu ajali ya gari. Walimpasua na kumwekea kifaa kifuani chenye waya unaogusa vagasi shingoni, kifaa kama kile ambacho Marekani ilikiruhusu mwaka 1997 kwa wagonjwa wa kifafa. Baada ya mwezi mmoja alianza kufuata kitu kwa macho, na kugeuza kichwa akiombwa, ingawa polepole mno. Alipanda kutoka kundi la pili kwenda la tatu. Hakuzungumza na hakutembea. Magazeti mengi yaliandika kwamba ameamka, na neno hilo lilikuwa kubwa kuliko lililotokea. Hata hivyo, kwa mtu wa miaka 15 kitandani, kugeuza kichwa ulipomwomba si jambo dogo.

Mgonjwa huyo ni mmoja, na alipasuliwa. Kwa sikio hakuna kupasua: kifaa kidogo kama cha kusikilizia redio hukaa kwenye kibonde kilicho juu ya tundu la sikio la kushoto, kikitoa umeme ambao mtu mzima angeuhisi kama mchonyoto wa siafu asiyeuma sana. Mwaka 2020 madaktari wa Hispania waliripoti wagonjwa 14 waliotibiwa hivyo. Waliopata nafuu walikuwa miongoni mwa wenye fahamu kidogo. Kwa wale wa macho wazi bila kuitikia hawakuona mabadiliko. Na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo.

Habari kama hiyo ilikuwa imesikika Ubelgiji mwaka 2014, katika jaribio la umeme wa kupitia ngozi ya paji la uso, ambao hauendi kwenye neva bali kwenye ubongo moja kwa moja. Dakika 20 tu za umeme ziliwabadilisha kwa muda mfupi wagonjwa 13 kati ya 30 waliokuwa na fahamu kidogo, na 2 tu kati ya 25 wasioonyesha fahamu.

Unaona mwelekeo. Umeme wa nje unaonekana kukoleza moto uliopo kuliko kuwasha moto mpya. Ndiyo maana tulianza na kutofautisha wagonjwa. Asiyejua mgonjwa wake yuko kundi gani hawezi kujua kama umeme utamfaa, wala kama umemfaa.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Tunajua wapo watakaokuja na mashine. Katika masoko yetu zinauzwa mashine za kuchua misuli zenye vibandiko na waya, na nyingine huitwa za mishipa. Si kifaa hicho. Usikibandike shingoni wala kichwani kwa mgonjwa. Vagasi inagusa moyo, na umeme usiopimwa unaweza kuyavuruga mapigo. Mgonjwa asiyehisi wala kusema hawezi kukuambia kwamba ngozi inaungua. Mwenye kifafa au mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo yumo katika hatari zaidi. Na umeme wa ukutani, wa betri ya pikipiki au wa sola usimkaribie mgonjwa kwa jina la tiba, hata aliyeleta wazo awe nani.

Kuna dawa ambayo ina ushahidi wa miaka mingi zaidi kuliko waya hizi. Inaitwa amantadini, ilianza kama dawa ya mafua makali. Mwaka 2012 utafiti wa wagonjwa 184 walioumia kichwa ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo kwa wiki 4 walipata nafuu kwa kasi zaidi. Mwongozo wa madaktari wa neva wa Marekani wa mwaka 2018 uliipendekeza kwa watu wazima walioumia kichwa, kati ya wiki ya 4 na ya 16. Waya za sikioni na mkononi hazikupewa nafasi hiyo. Dawa hii inatolewa na daktari tu, lakini hakuna ubaya kumtajia jina na kumuuliza.

Lile lisilohitaji mashine

Chukua kioo cha kujitazamia. Kishike mbele ya uso wa mgonjwa, karibu, ajione mwenyewe, halafu kisogeze polepole kulia, kisha kushoto, kisha juu. Watafiti wameona kwamba macho hufuata sura ya mtu mwenyewe kuliko yanavyofuata kidole au tochi. Macho yakifuata, si mara moja kwa bahati bali mara kadhaa, hiyo ni dalili kubwa.

Mwite kwa jina analoitwa nyumbani, si la cheti. Mwombe jambo moja rahisi ambalo mwili wake unaweza: finya mkono wangu, fumba macho. Subiri. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo, maana ubongo ulioumia hujibu kwa kuchelewa, na wengi wetu hukata tamaa sekunde ya pili. Mwombe pia atazame juu na chini. Wapo watu wachache ambao kiharusi cha shina la ubongo kimewafunga mwili wote wakabaki na fahamu kamili na macho tu. Hao wakiulizwa vizuri hujibu kwa kope.

Fanya hivyo akiwa amepumzika na hana homa, asubuhi siku moja, jioni siku nyingine. Wataalamu hutaka vipimo visivyopungua vitano ndani ya wiki mbili kabla ya kusema mgonjwa yuko hali gani. Andika kwenye daftari siku, saa na alichofanya. Akifanya kitu, mrekodi kwa simu. Daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika kumi huenda asikione kamwe kile anachokiona bibi anayelala naye chumba kimoja, na video ya nusu dakika itamsaidia kuliko maelezo marefu.

Video hiyo na daftari vipelekeni kituo cha afya, muombe rufaa kwenda kwa daktari wa ubongo au mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mkoa au kaunti. Mkifika, yaulizeni haya: je, dawa anazotumia zinamlaza? Baadhi ya dawa za kuzuia degedege hufanya hivyo. Je, masikio yameangaliwa kama yana nta au kama anasikia? Je, hana degedege la ndani lisiloonekana kwa kutikisika? Je, baada ya upasuaji maji hayajajaa kichwani? Kila moja ya hizi inaweza kumfanya mtu mwenye fahamu aonekane hana, na zote zinachunguzwa.

Huku nyumbani, mgeuzeni upande kila baada ya saa mbili, usiku pia, kwa zamu. Akilishwa awe ameinuliwa, si amelala chali, na msimlaze mara baada ya kula. Mdomo usafishwe kila siku. Vidole, viwiko na magoti vinyooshwe taratibu visije vikakauka vikiwa vimekunjwa. Wengi wa wagonjwa hawa hawauawi na jeraha la kichwa, wanauawa na homa ya mapafu na vidonda vya mgongoni, na aliyekufa kwa kidonda hakuupata ule mwezi wa sita ambao wenzake walizinduka.

Zamani, mgonjwa aliyeumia kichwa akipita miezi 12 bila kuitikia, madaktari waliandika kwamba hali yake ni ya kudumu. Kwa waliokosa hewa au moyo ulisimama, ilikuwa miezi 3. Mwongozo uleule wa 2018 umeliondoa neno hilo, kwa sababu wapo waliorudiwa na fahamu baada ya muda huo, wengi wao wakibaki na ulemavu mkubwa. Sasa wanaandika kwamba hali ni ya muda mrefu, na wanataka mgonjwa aendelee kupimwa.